Lisemwalo na Lisilosemwa: Maana Dokezwa katika Lugha ya Matangazo ya Biashara Nchini Kenya

Utangulizi

Matangazo ya biashara ni miongoni mwa sajili ambazo mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hukutana nazo mapema. Katika shule za upili chini ya mfumo wa 8-4-4, sajili hii imekuwa ikifundishwa chini ya isimujamii na kutahiniwa katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE. Mwanafunzi huzoezwa kuorodhesha sifa zake: chuku, takriri, sentensi fupi, kuchanganya ndimi, lugha ya kushawishi. Orodha hiyo ni sahihi lakini haitoshi. Humweleza mwanafunzi tangazo lina nini, pasipo kumweleza tangazo linafanya nini. Mtu anaweza kupata alama zote za swali hilo asubuhi, na jioni akakopa kwa simu bila kutambua kwamba neno "deni" halikutajwa popote katika ujumbe uliomshawishi.

Makala haya yanashikilia kwamba nguvu ya tangazo haimo hasa katika yale linayoyasema, bali katika yale linalomwachia msikilizaji ayakamilishe mwenyewe. Kwanza, dhana ya maana dokezwa inafafanuliwa. Pili, vipashio vya sarufi ya Kiswahili vinavyoibeba maana hiyo vinachanganuliwa. Tatu, matangazo na kampeni chache zilizojulikana nchini zinachunguzwa, huku majina ya huduma za mikopo ya simu yakipewa nafasi kubwa kwa kuwa ndiko maana dokezwa inakogusa mfuko wa mwananchi moja kwa moja. Mifano yenye majina ya bidhaa au kampeni ni ya mambo yaliyopata kujulikana hadharani. Ile isiyo na majina imeundwa kwa kufuata ruwaza zinazosikika redioni na kuonekana mabangoni.

Dhana ya Maana Dokezwa

Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967 na katika makala yaliyochapishwa mwaka 1975, alieleza kwamba mazungumzo huongozwa na Kanuni ya Ushirikiano. Kanuni hiyo ina kaida nne: kaida ya kiasi (toa taarifa ya kutosha, isizidi wala isipungue), kaida ya ukweli (usiseme usiloliamini au usilo na ithibati nalo), kaida ya uhusiano (sema linalohusiana na mada), na kaida ya namna (sema kwa uwazi na mpangilio). Mzungumzaji anapoonekana kuikiuka mojawapo, msikilizaji haamui mara moja kwamba mwenzake amekosea. Hutafuta maana nyingine itakayoufanya usemi ule uwe na mantiki.

Tuseme mtu anauliza, "Chakula cha mkahawa huu ni kizuri?" naye mwenzake anajibu, "Wahudumu wake ni wachangamfu." Jibu halikugusa chakula. Hata hivyo, muulizaji ataondoka akijua kwamba chakula si cha kusifiwa. Maana hiyo haikutamkwa, ilidokezwa.

Maana dokezwa ina sifa moja iliyo muhimu mno kwa mjadala huu: inaweza kukanushwa bila mzungumzaji kujipinga. Yule aliyejibu anaweza kuongeza, "Na chakula chao pia ni kitamu," na pasiwe na mgongano wowote. Jamii ya Waswahili inaifahamu sifa hii tangu zamani, hata kabla ya kuwapo kwa istilahi za pragmatiki. Mwanamke anayevaa kanga yenye jina la kumlenga jirani huwa amesema na hajasema. Akiulizwa, hujibu kwamba yeye amevaa nguo tu. Jirani naye hana pa kumshikia, ingawa ujumbe umemfika.

Sharti maana dokezwa itofautishwe na dhana tangulizi, yaani jambo ambalo usemi hulichukua kuwa kweli kabla hata ya kusema lolote. Sentensi "Acha kuhangaika na madoa sugu" huchukulia kwamba msikilizaji anahangaika. Ikigeuzwa kuwa "Usiache kuhangaika na madoa sugu", dhana hiyo hubaki palepale. Dhana tangulizi hustahimili ukanushaji wa sentensi, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuipinga: msikilizaji anayebisha amri anajikuta bado ameyakubali mahangaiko.

Kwa nini mtangazaji apende njia hizi kuliko kusema waziwazi? Sababu ni tatu. Kwanza, lisilotamkwa ni gumu kudaiwa ithibati. Pili, mtu huliamini zaidi hitimisho alilolifikia mwenyewe kuliko lile aliloletewa. Tatu, nafasi ya tangazo ni finyu: bango la barabarani husomwa kwa sekunde chache na dakika ya redio hugharimu fedha nyingi.

Vipashio vya Sarufi Vinavyobeba Udokezi

Uchunguzi wa sajili hii mara nyingi huishia kwenye tamathali za usemi. Hata hivyo, udokezi mwingi hubebwa na vipashio vidogo vya sarufi ambavyo msikilizaji havitilii maanani.

(a) Kauli ya kutendea. Linganisha "Tumepunguza bei" na "Tumekupunguzia bei". Tukio ni lile lile, lakini kiambishi cha mtendewa -ku- pamoja na mnyambuliko wa kutendea hubadilisha uamuzi wa kibiashara ukawa hisani kwa mtu mmoja. Katika utamaduni unaothamini shukrani, hisani hudai malipo. Mnunuzi anadokezewa kwamba kutonunua ni kama kuukataa mkono ulionyoshwa.

(b) Kauli ya kutendeka na ya kutendwa. "Mkopo hupatikana kwa dakika moja" na "Deni hulipika polepole" ni sentensi zisizo na mtenda. Nani anayetoa? Nani atakayelipa, na kutoka wapi? Kauli ya kutendeka huonyesha jambo kama sifa ya asili ya kitu chenyewe, mithili ya kioo kuvunjika au mlango kufunguka. Jasho la mlipaji halionekani katika sentensi hiyo.

(c) Hali ya -ki- ya masharti. "Ukimpikia kwa mafuta haya, atarudi nyumbani mapema." Kimantiki, sentensi hii haisemi lolote kuhusu mpishi anayetumia mafuta mengine. Hata hivyo, wanaisimu Michael Geis na Arnold Zwicky walionyesha mwaka 1971 kwamba wasikilizaji huelekea kulikamilisha sharti la aina hii kwa upande wa pili: usipompikia kwa mafuta haya, hatarudi mapema. Hofu ya upande wa pili ndiyo inayouza, ilhali ni upande wa kwanza pekee uliotamkwa.

(d) Kiambishi hu- cha mazoea. "Mama mwenye busara huchagua sabuni hii." Hu- huondoa wakati na nafsi, sentensi ikapata sauti ya methali. Kwa kuwa methali hazibishaniwi, msikilizaji hubaki na swali moja tu: je, yeye yumo miongoni mwa wenye busara?

(e) Vielezi na viunganishi vya kiasi. "Tu" katika "shilingi mia mbili tu" hudokeza kwamba kiasi kilichotarajiwa ni kikubwa zaidi. "Hata" katika "Hata wewe unaweza kumiliki nyumba" husifu na kudunisha kwa pamoja, kwani hudokeza kwamba msikilizaji hakutarajiwa kuwa na uwezo huo. "Zaidi" katika "hung'arisha zaidi" hulinganisha bila kutaja kinacholinganishwa: zaidi ya sabuni nyingine, au zaidi ya maji matupu? "Hadi" katika "Punguzo la hadi asilimia hamsini" hutimia hata kama bidhaa moja tu ndiyo iliyopunguzwa kwa kiasi hicho. Katika mifano hii yote, kaida ya kiasi imetumiwa kama chambo. Msikilizaji hudhani amepewa taarifa ya kutosha, kumbe amepewa ukingo wake tu.

Uteuzi wa Msimbo na Kujenga Ujirani

Udokezi hujengwa vilevile kwa mpangilio wa maneno na uteuzi wa lahaja au msimbo. Kaulimbiu ya bia ya Tusker, "Bia yangu, nchi yangu", ni vikundi nomino viwili vilivyowekwa sambamba bila kitenzi wala kiunganishi. Hakuna dai lolote linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa. Kaida ya uhusiano humlazimu msikilizaji atafute kinachoviunganisha, naye hukipata kwa urahisi: kuipenda hii ni kuipenda ile. Kama mtengenezaji angesema waziwazi kwamba anayekunywa bia nyingine hana uzalendo, angechekwa. Kimya kilichopo kwenye mkato kinafanya kazi hiyo kwa heshima.

Kaulimbiu "Maisha iko sawa na Trust", iliyonadi mipira ya kondomu katika miaka ya 2000, ilizua manung'uniko ya wapenzi wa Kiswahili sanifu. Upatanisho wa kisarufi ulidai "maisha yako sawa". Lakini kosa hilo lilikuwa na kazi. Mada yenyewe ilikuwa imezoeleka kusemwa na daktari, mwalimu au mhubiri, ambao wote huzungumza kwa usanifu na kwa mamlaka. Ukiukaji wa upatanisho ulidokeza kwamba anayezungumza hapa ni kijana mwenzako wa mtaani. Kampeni ya "Nimechill", ya katikati ya muongo huo huo, iliyowahimiza vijana kusubiri kabla ya kuanza ngono, ilikwenda hatua moja mbele. Badala ya amri "Jizuie!", ilitumia nafsi ya kwanza na kiambishi -me- cha hali timilifu. Kila aliyeitamka kaulimbiu hiyo alijikuta akitangaza uamuzi wake mwenyewe, tena uliokwisha kukamilika.

Kwamba maana dokezwa ni kitu halisi na si dhana ya vitabuni tu, kulithibitika Machi 2013. Tangazo la televisheni lenye ujumbe "Weka kondomu mpangoni" lilimwonyesha mwanamke aliyeolewa, mwenye uhusiano wa nje ya ndoa, akishauriwa kutumia kinga. Viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, walilipinga na likaondolewa hewani. Waliolitetea walisema kwamba lilieleza njia ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI na kwamba uhusiano wa aina hiyo upo. Hakuna sentensi iliyosema kwamba uzinzi ni halali. Hata hivyo, kumshauri mtu namna ya kufanya jambo kwa usalama kulieleweka kuwa ni kulikubali jambo lenyewe. Upande mmoja ulikuwa ukijibu lililosemwa, upande wa pili ukijibu lililodokezwa. Pia neno "mpango" lilichangia. "Mpango wa kando" ni tafsida inayolivua tendo aibu yake na kulivika vazi la ratiba. Ukiulizwa kama umeuweka usalama mpangoni, dhana tangulizi ni kwamba mpango upo.

Jahazi na Shwari: Msamiati wa Mikopo ya Simu

Tangu M-PESA ilipozinduliwa mwaka 2007, simu imekuwa njia kuu ya kupokea na kutuma fedha nchini, na baadaye njia ya kukopa. Huduma nyingi za mikopo hiyo zimepewa majina ya Kiswahili. Majina hayo ni matangazo ya aina yake, kwa kuwa mteja huyatamka kila anapoyatumia.

Chukua "Okoa Jahazi", huduma ya Safaricom ya kumkopesha mteja muda wa maongezi. Nahau ya kuokoa jahazi humaanisha kunusuru hali iliyokwisha kuharibika. Jina hili linabeba dhana tangulizi kwamba jahazi linazama, na linadokeza kwamba anayetoa huduma ni mwokozi. Uokozi haudaiwi ada katika fikra za kawaida, ilhali huduma hii imekuwa ikitozwa asilimia 10 ya kiasi kinachoombwa. Neno "kopa" halimo katika jina.

Mnamo Novemba 2012 ilizinduliwa "M-Shwari", huduma ya akiba na mikopo iliyoendeshwa na Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa. Shwari ni utulivu wa bahari upepo unapopungua. Herufi M ilitokana na utaratibu wa M-PESA, lakini katika masikio ya Mswahili ni kiambishi cha ngeli ya watu: mshwari ni kama mtu aliyetulia. Mkopo wake wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, yaani shilingi 75 kwa kila shilingi 1,000. Tozo hiyo iliitwa ada ya uwezeshaji, si riba. Tofauti ya majina haikuwa pambo. Sheria ya mwaka 2016 iliyodhibiti viwango vya riba za benki, na iliyofutwa mwaka 2019, ilizungumzia riba. Kwa hiyo swali kama asilimia 7.5 ni riba au ni ada lilikuwa swali la kisheria na la kifedha. Aliyekopa kila mwezi kwa mwaka mzima alilipa jumla ya asilimia 90 ya kiasi alichokuwa akikopa, hata kabla ya kuhesabu kodi. Hakuna anayeona tisini katika neno "shwari".

"Fuliza", iliyozinduliwa Januari 2019, humwezesha mteja wa M-PESA kukamilisha malipo hata salio lake lisipotosha. Kitenzi fuliza humaanisha kuendelea na jambo bila kukatiza. Kinachokamilisha malipo ni deni, tena lenye ada inayoweza kuongezeka kadiri siku zinavyopita. Lakini kitenzi kilichochaguliwa ni cha mwendo, si cha kuazima. Hali inayodokezwa ni kwamba mteja hakusimama popote, wala hakuingia mahali papya. Ameendelea tu na safari yake. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "nimefuliza" akiwa dukani mbele ya watu, mahali ambapo angeona haya kusema "nimekopa".

Programu ya mikopo iliyoingia nchini mwaka 2014 kwa jina "Mkopo Rahisi", ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Tala, ni mfano tofauti. Hapa mkopo umetajwa waziwazi, na mzigo wa udokezi ukawekwa kwenye kivumishi. "Rahisi" katika Kiswahili ina maana mbili: isiyo ngumu na isiyo ghali. Mkopo unaweza kuwa rahisi kupatikana bila kuwa rahisi kwa bei. Jina halikuchagua, na msikilizaji mwenye shida huchagua maana inayomfariji.

Mifano hii ikiwekwa pamoja, ruwaza hujitokeza. Jahazi na shwari ni msamiati wa bahari, uliochotwa katika Kiswahili cha pwani na kupelekwa hadi kwa wakopaji ambao baadhi yao hawajaiona bahari. Katika sitiari hiyo, shida ni dhoruba: imetoka nje na haina mwenyewe. Mkopo ni utulivu. Mkopeshaji ni nahodha. Kilichoachwa nje ya sitiari ni siku ya kulipa. Wahenga hawakuiacha nje, kwani walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo ina pande mbili, na lugha ya matangazo ya mikopo huusimulia ule wa harusi peke yake.

Nafasi ya Sheria na Nafasi ya Mwanaisimu

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Inalitaka Bunge pia litunge sheria kuhusu matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha. Kwa upande wa mikopo ya kidijitali, marekebisho ya Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2021 na kanuni za mwaka 2022 yaliwaweka wakopeshaji wa programu za simu chini ya leseni ya Benki Kuu na kuwataka waweke wazi masharti na gharama.

Ni muhimu kutambua kwamba "kupotosha" ni dhana pana kuliko "kudanganya". Uongo huthibitishwa kwa kulinganisha maneno na hali halisi. Upotoshaji huthibitishwa kwa kuonyesha ni nini msikilizaji wa kawaida angeelewa, na hiyo ni kazi ya pragmatiki. Mwanaisimu wa Kiswahili ana nafasi hapo ambayo mwanasheria hawezi kuijaza peke yake. Darasani nako, uchanganuzi wa tangazo unaweza kufuata hatua nne:

1. Andika lile tu lililotamkwa, bila kuongeza neno.
2. Andika yale ambayo msikilizaji wa kawaida atayaelewa zaidi ya hayo.
3. Jaribu kuyakanusha. Yanayofutika bila mgongano ni maana dokezwa. Yanayobaki hata sentensi ikikanushwa ni dhana tangulizi.
4. Iandike maana hiyo kama sentensi kamili yenye mtenda, kitenzi, kiasi na wakati, kisha uulize kama mtangazaji angekubali kuitia sahihi.

Hatua ya nne ndiyo yenye uzito. "Fuliza", kwa mfano, hugeuka kuwa: "Kampuni itakukopesha kiasi kilichopungua, nawe utakirudisha pamoja na ada." Sentensi hiyo ni ya kweli na haina ubaya wowote. Inampa tu msikilizaji nafasi ya kuamua akijua anachokiamua.

Hitimisho

Kudokeza si kosa. Ni uwezo unaoipa lugha adabu, ucheshi na ushairi, na Kiswahili kimekitumia kipaji hicho kwa karne nyingi. Tofauti ipo katika uwiano wa nguvu. Mvaa kanga na jirani yake wanajuana, na kesho jirani naye aweza kuvaa ya kujibu. Mtangazaji wa mikopo na mkopaji hawako katika usawa huo: mmoja ameyapima maneno kwa miezi, mwingine ana shida na dakika moja ya kuamua.

Kwa hiyo, ufundishaji wa sajili ya matangazo unafaa kuvuka orodha ya sifa. Mwanafunzi anayeweza kutaja chuku, takriri na tafsida amejifunza majina. Anayeweza kulitoa nje lile lisilosemwa, akaliandika kwa sentensi kamili na kuliuliza bei yake, amejifunza lugha. Kizazi kinachokopa kwa kubonyeza kidole kinauhitaji ujuzi huo wa pili kabla siku ya kulipa haijafika.